Maswali ya Wasomaji: Solfa, Nota na Mapigo kwa Wanaoanza

Barua nyingi za muziki tulizopokea zimetoka kwa wanakwaya, na chache kwa wapiga vyombo. Zilizouliza jambo moja tumeziunganisha, na zote tumezifupisha. Ili tusichanganyane njiani, neno "kii" humu lina maana ya sauti ambayo wimbo umeifanya kuwa nyumbani kwake, kama mpiga kinanda anaposema "tuko kii ya G". Neno "ufunguo" tumeliachia ile alama inayochorwa mwanzoni mwa mistari mitano ya kuandikia nota.

Juu ya kila karatasi ya wimbo tunayopewa pameandikwa "Do = F" au "Do = G". Mpiga kinanda wetu anasema do ni C siku zote, ilhali mwalimu wa kwaya anasema do inahama. Tumfuate nani? (Mwanakwaya, Morogoro)

Ndugu mwanakwaya, kila mmoja wao anasema kweli ya shule aliyosomea. Katika nchi kama Ufaransa na Italia, do ni jina la sauti moja isiyohama, ileile ambayo Waingereza huiita C. Katika solfa inayotumiwa na kwaya zetu, do ni jina la cheo: ni sauti ya kwanza ya ngazi, popote ngazi hiyo itakapoanzia. Kwa kuwa karatasi yako imeandikwa kwa solfa, hapo mwalimu wa kwaya ndiye wa kufuatwa, na maneno "Do = F" ni agizo kwa mpiga kinanda kwamba nyumbani kwa wimbo huu ni F.

Mkaribieni kinanda mlione jambo lenyewe. Kutoka kibonyezo kimoja hadi kinachokifuata mara moja, kiwe cheupe au cheusi, ni hatua ya nusu toni, na hatua mbili za namna hiyo ni toni moja. Ngazi ya meja ina mpangilio usiobadilika: do hadi re ni toni, re hadi mi toni, mi hadi fa nusu toni, fa hadi so toni, so hadi la toni, la hadi ti toni, na ti hadi do ya juu nusu toni. Anza na F na uhesabu hatua hizo. Utapata F, G, A, kisha utalazimika kugusa kibonyezo cheusi kilicho chini ya B, ambacho ni B flati, halafu C, D, E na F tena. Ukianza na C hutagusa cheusi hata kimoja, na ndiyo sababu wengi wanaojifunzia kwenye kinanda huamini kwamba C na do ni kitu kimoja. Linalobaki vilevile unapohama kii ni umbali kati ya sauti na sauti, na sikio la mwimbaji hushika umbali huo kabla ya kushika jina la herufi.

Majina yenyewe yana historia ndefu. Katika karne ya 11 mtawa wa Italia aitwaye Guido wa Arezzo aliwafundisha waimbaji kwa kutumia tenzi ya Kilatini ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambayo vipande vyake sita vya mwanzo kila kimoja huanza sauti moja juu ya kilichotangulia. Silabi za mwanzo za vipande hivyo zilikuwa ut, re, mi, fa, sol na la. Baadaye ut ikaachwa ikaja do, na sauti ya saba ikaitwa si. Mwalimu wa Kiingereza Sarah Glover, wa mji wa Norwich, alibadili si kuwa ti ili kila silabi ianze na herufi yake na iweze kuandikwa kwa herufi moja tu. Katika miaka ya 1840 mchungaji John Curwen aliuchukua mfumo huo, akauboresha na kuueneza, nao ukasafiri na wamisionari hadi Afrika. Si mfumo wa kudharauliwa, kama baadhi ya vijana waliotoka vyuoni wanavyoelekea kudhani. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alipotunga "Nkosi Sikelel' iAfrika" mwaka 1897, aliiandika kwa solfa. Na tuni hiyo ndiyo Watanzania wanayosimama kuiimba hadi leo kwa maneno ya "Mungu ibariki Afrika".

Nimewafundisha waimbaji wangu do, re, mi vizuri, na wanapanda na kushuka ngazi bila kosa. Lakini nikiwapa wimbo mpya, kila mtu anafika mwisho kwa wakati wake. Naomba maelezo ya zile nukta na vistari. (Mwalimu wa kwaya, Mbeya)

Mwalimu, umeligusa donda lenyewe. Kwa maoni yetu hili ndilo pengo kubwa kuliko yote katika ufundishaji wa solfa kwenye kwaya zetu: herufi hufundishwa kwa bidii hadi watoto wanazijua, kisha alama za muda huachwa zijifundishe zenyewe. Matokeo yake mwimbaji huusikiliza wimbo kutoka kwa jirani yake, wala hausomi, na jirani huyo naye alimsikiliza mwingine. Maandishi ya muziki hueleza mambo mawili kwa wakati mmoja, yaani sauti iwe juu kiasi gani na idumu muda gani. Anayesoma nusu ya kwanza peke yake hajasoma bado.

Tuchukue mstari huu mfupi, tulioutunga kwa ajili ya somo hili tu, wenye mapigo mawili katika kila kipimo, au baa kama wengi wanavyosema:

| d :d .r | m :– | s :f .m | r :– ‖

Mstari wima unatangaza kwamba pigo linalofuata ni zito. Nukta pacha inatangaza kwamba pigo linalofuata ni jepesi. Kwa hiyo chochote kilicho kati ya mstari wima na nukta pacha, au kati ya nukta pacha na mstari wima unaofuata, kinapaswa kuingia ndani ya pigo moja, hata kama ni herufi moja, mbili au nne. Nukta moja huligawa pigo katika nusu mbili zilizo sawa, na mkato hutenga robo ya pigo. Kistari huendeleza sauti iliyotangulia bila kuikata wala kuisukuma upya, na nafasi iliyoachwa tupu ni kimya. Mistari miwili ya mwisho inaonyesha kwamba wimbo umekwisha.

Sasa usome pamoja nao polepole. Kipimo cha kwanza kina do ya pigo zima, halafu pigo la pili limegawanywa kati ya do na re. Kipimo cha pili ni mi inayodumu mapigo mawili. Cha tatu kina so ya pigo zima, kisha fa na mi za nusu pigo kila moja. Cha nne ni re ya mapigo mawili. Jumla ni mapigo manane, na kama kwaya yako imemaliza kabla ya hapo au baada ya hapo, kosa liko kwenye kuhesabu.

Kuna maumbo mawili ambayo karibu kila kwaya huyakosea. La kwanza ni hili: | d :– .r | m :– |. Hapa do hudumu pigo zima la kwanza pamoja na nusu ya pigo la pili, na re hupata nusu iliyobaki. Waimbaji wengi huigawa sawa kwa sawa, kana kwamba pameandikwa | d :r |, na wimbo uliokuwa na mrusho mzuri unageuka kuwa wa kukokota miguu. La pili ni d .,r ndani ya pigo moja, yaani nukta ikifuatwa na mkato: do huchukua robo tatu za pigo, na re robo moja ya mwisho. Usiwaeleze kwa hesabu peke yake. Wapigishe pigo kwa kiganja juu ya paja, mmoja wao ahesabu kwa sauti, wengine waseme silabi "na" mahali pa kila herufi bila kuimba sauti ya juu wala ya chini. Mdundo ukishakaa sawa, rudisheni do na re mahali pake. Kwaya inayokubali kufanya hivi kabla ya kuimba huokoa muda mwingi wa mazoezi, ingawa siku za mwanzo italalamika kwamba inafanywa kama darasa la watoto.

Jambo jingine wasiloelezwa wanakwaya ni kwa nini nyimbo nyingi huanza na pigo jepesi, yaani karatasi inaanza na nukta pacha kabla ya mstari wima wa kwanza. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno "Bwana" lina mkazo mwanzoni, hivyo mtunzi anaweza kuliweka moja kwa moja kwenye pigo zito. Neno "tuimbe" mkazo wake uko kwenye "i". Kwa hiyo mtunzi makini huiweka "tu" kabla ya mstari na "i" baada yake. Akiiweka "tu" kwenye pigo zito, msikilizaji atahisi neno limevunjwa, hata kama hawezi kueleza limevunjwa wapi. Wimbo ulioanza hivyo aghalabu humaliziwa na kipimo kisichojaa, ili pigo lililotangulizwa mwanzoni na mapigo ya mwisho yakijumlishwa yatimize kipimo kimoja.

Tofauti kati ya 3/4 na 6/8 ni nini, ikiwa zote mbili ni sita zikigawanywa kwa thumni? (Mpiga ngoma, Kilifi)

Hesabu yako ni sahihi, kwa maana kila kimoja cha vipimo hivyo hubeba thumni sita, yaani nota sita za sehemu moja ya nane. Kinachotofautiana ni mahali uzito unapoangukia. Katika 3/4 zile sita hupangwa mbilimbili, na mguu hukanyaga mara tatu: MOJA na mbili na tatu na. Katika 6/8 hupangwa tatutatu, na mguu hukanyaga mara mbili: MOJA mbili tatu, NNE tano sita.

Wewe mpiga ngoma unalijua jambo hili kwa mikono kuliko wengi wanaolijua kwa vitabu. Mara nyingi kayamba hutembea na sita zote bila kukoma, ngoma moja ikazipiga mbili mbili na nyingine tatu tatu, na utamu wote wa mchezo ukatokana na mvutano huo. Karatasi hulazimika kuchagua moja, 3/4 au 6/8, na mtunzi huchagua ile inayoongozwa na sauti za waimbaji. Usidanganyike ukadhani kwamba kwa sababu karatasi imesema 6/8, ngoma yako hairuhusiwi kupiga tatu.

Shikamoo Mwalimu. Shuleni kwetu tumeanza kusoma muziki wa mistari mitano. Nimezoea solfa ya kanisani, na sasa sioni do iko wapi. (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Mistari mitano ni kama ngazi iliyolazwa kwenye ukuta: kila mstari ni daraja, na kila nafasi iliyo kati ya mistari ni daraja pia, na huhesabiwa kutoka chini kwenda juu. Lakini ngazi hiyo peke yake haisemi inaanzia wapi, na kazi hiyo hufanywa na ufunguo. Ufunguo wa G, unaotumiwa na sauti ya kwanza na ya pili za kwaya (soprano na alto), hujizungusha kwenye mstari wa pili kutoka chini na kusema kwamba mstari huo ni G. Ufunguo wa F, ambao ni wa besi, huweka nukta zake mbili juu na chini ya mstari wa nne na kusema kwamba huo ni F. Ile C ya katikati ya kinanda haimo ndani ya mistari kwa upande wowote: hukaa kwenye kimstari cha ziada, chini ya mistari ya ufunguo wa G au juu ya mistari ya ufunguo wa F, na ni sauti ileile moja. Sauti ya tatu ya kwaya (tenori) mara nyingi huandikwa kwa ufunguo wa G wenye tarakimu 8 chini yake, maana yake waimbe oktava moja, yaani umbali wa do hadi do inayofuata, chini ya kilichoandikwa.

Sasa do yako. Baada ya ufunguo tazama alama za shapu (hupandisha sauti nusu toni) au flati (huishusha nusu toni) zilizopangwa, kabla ya tarakimu za kipimo. Kama hakuna hata moja na wimbo ni wa meja, do ni C. Kama kuna shapu, ile ya mwisho kulia ni ti, kwa hiyo do iko nusu toni juu yake. Kama kuna flati, ile ya mwisho kulia ni fa, na utahesabu kushuka fa, mi, re, do. Flati zikiwa mbili au zaidi, kuna njia fupi zaidi: flati ya pili kutoka mwisho ndiyo do yenyewe. Shapu huongezwa daima kwa mfuatano wa F, C, G, D, A, E, B, na flati kwa mfuatano huohuo ukigeuzwa. Ukiona shapu mbili, kwa mfano, ni F na C. Ya mwisho ni C shapu, ambayo ni ti, basi do ni D.

Maumbo ya nota ndiyo yanayobeba muda. Nota nzima ni yai tupu lisilo na kijiti. Nota nusu ni yai tupu lenye kijiti, nota robo ni yai lililojazwa lenye kijiti, na thumni huongezwa mkia mmoja, au hufungwa kwa ubao mmoja na jirani zake. Kila moja ni nusu ya iliyoitangulia. Katika tarakimu za kipimo, ile ya chini inasema ni nota gani inayohesabiwa, na ya juu inasema nota hizo ni ngapi katika kila kipimo. 2/4 ni robo mbili. Ukiuchukua mstari tuliompa mwalimu wa Mbeya hapo juu na kuuandika kwa "Do = F" na 2/4, utaweka flati moja kwenye mstari wa B, kisha robo F, thumni F na G, nusu A, robo C, thumni B na A, na nusu G. Ile B haihitaji kuwekewa flati tena mbele yake, kwani flati ya mwanzoni imeshaitangaza kwa mstari mzima.

Jihadhari na nukta. Katika solfa, nukta huligawa pigo. Katika mistari mitano, nukta iliyo mbele ya nota huiongezea nusu ya thamani yake, hivyo robo yenye nukta hudumu pigo moja na nusu. Wanaovuka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine hujikwaa hapo kuliko mahali pengine popote.

Katikati ya wimbo tumekuta "fe" na mahali pengine "ta". Je, ni makosa ya uchapaji? (Mtawa, Bukoba)

Si makosa, Sista. Sauti ya ngazi ikipandishwa nusu toni, irabu yake hubadilishwa kuwa e: fa huwa fe, so huwa se. Ikishushwa nusu toni, irabu huwa a: ti huwa ta, mi huwa ma. Fe huonekana mara nyingi wimbo unapoelekea kwenye kii ya so, na ta unapoelekea kwenye kii ya fa. Se ina kazi yake katika nyimbo za maina, ambazo solfa huzihesabu nyumbani kwake kuwa la: hapo se huwa nusu toni chini ya la na kuivuta kama ti inavyoivuta do. Waimbaji wakichelewa kupanda kwenye fe, waambie waiimbe huku wakiisikia so inayokuja, maana fe hukaa karibu sana na so.

Napiga fidla katika kikundi cha taarab. Kwenye karatasi za zamani kuna flati iliyokatwa kwa kistari, na mwalimu wa piano aliniambia hakuna alama kama hiyo. (Mpiga fidla, Unguja)

Ipo, na mwalimu wako hakuihitaji kwa sababu piano haina mahali pa kuipiga. Flati ya kawaida hushusha sauti kwa nusu toni. Flati iliyokatwa huishusha kwa takriban robo toni, na ni alama ya kawaida katika maandishi ya muziki wa Kiarabu, ambako taarab ya visiwani ilichota sehemu kubwa ya makamu zake, yaani ngazi zake za sauti. Makamu ya Rast ikianzia C husomwa C, D, E yenye flati iliyokatwa, F, G, A, na B yenye flati iliyokatwa. Bayati ikianzia D huanza D, E iliyokatwa, F, G.

Neno "takriban" tumeliweka kwa makusudi. Karatasi huandika E moja kwa makamu zote mbili, lakini mpigaji mzoefu huiweka E ya Rast juu kidogo kuliko ile ya Bayati, na hakuna alama inayomwambia afanye hivyo. Ameisikia kwa waliomtangulia. Fidla na udi havina vigawanyo kwenye shingo, kwa hiyo kidole chako kiko huru kuitafuta sauti hiyo, na kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, ina vijiwiko vidogo pembeni vya kuirekebisha kila seti ya nyuzi. Akodioni ya kawaida haiwezi. Kikundi chenye akodioni na fidla pamoja hulazimika kuamua nani amfuate nani katika makamu kama hizi, na sikio letu hutamani siku zote kwamba fidla isikubali kunyooshwa.

Naomba maana ya p, mf, rit., D.C. na "M.M. = 80" kwa ufupi. (Msomaji, Arusha)

Herufi p ni piano, yaani imba kwa upole. F ni forte, kwa nguvu. Mf ni nguvu ya wastani. Rit. ni kupunguza mwendo taratibu. D.C. ni da capo, rudi mwanzo kabisa, na mara nyingi hufuatwa na "al Fine", maana yake uishie palipoandikwa Fine. D.S. hukurudisha kwenye alama inayofanana na S iliyokatwa. Yote haya ni Kiitaliano, kwa kuwa wachapaji na watunzi wa Italia ndio waliotangulia kuyatumia. M.M. ni metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ya Mälzel, aliyeisajili mwaka 1815, na 80 ni idadi ya mapigo kwa dakika moja. 60 ni pigo kwa kila sekunde. Simu nyingi zinaweza kuwekwa programu ya metronomu isiyolipiwa. Itumieni kwenye mazoezi, kisha izimeni kabla ya ibada.

Napiga kinanda kanisani na nyimbo zote nazipiga kwa C, halafu nabonyeza kitufe cha Transpose, kinachohamisha sauti zote, kufuata kwaya. Mwenzangu anasema huo ni uvivu. Je, kuna ubaya? (Mpiga kinanda, Dar es Salaam)

Ndugu yetu, kitufe hicho kimewekwa kitumike, na Jumapili kwaya inapoanza bila kukuuliza, hakuna atakayekulaumu kwa kukibonyeza. Tatizo linaanza unapokaa na wengine. Mpiga gitaa akikuuliza tuko kii gani, wewe unaona C chini ya vidole vyako ilhali kinachosikika ni E flati, na jibu lolote utakalompa litamchanganya. Akija mpiga tarumbeta, mambo yanazidi, kwa sababu tarumbeta za kawaida ni za B flati: C iliyoandikwa kwenye karatasi yake hutoka kama B flati, na kwaya ikiimba kwa Do = F, yeye husoma karatasi ya G. Hapo anayejua kii kwa jina lake ndiye anayeweza kuwaunganisha watu. Tena kinanda kikizimwa kikawashwa, vingi hurudi kwenye hali ya mwanzo bila kukuarifu, na kwaya nzima hujikuta mahali isipoweza kufika.

Usijaribu kujifunza kii zote kumi na mbili kwa mpigo. Anza na F na G, kwa kuwa nyimbo nyingi za kwaya huangukia humo na kila moja ina kibonyezo cheusi kimoja tu: B flati kwa F, F shapu kwa G. Chukua ule mstari wa mapigo manane tuliouandika kwa mwalimu wa Mbeya. Upige kwa C kama ulivyozoea, huku ukiimba do, re, mi kwa sauti. Kisha uanze na F, ukiimba silabi zilezile, na sikio lako litakukataza mara moja utakapoigusa B nyeupe mahali pa fa. Ukifika G utaona kwamba mstari wenyewe hauigusi F shapu hata mara moja, kwa hiyo ongeza mwishoni ti na do, ili kidole kiizoee. Mkono wa kushoto upige do peke yake kwa kila pigo zito hadi wa kulia usiposita tena. Baada ya hapo ongeza fa na so mahali panapozitaka. Hizo mbili zikishakaa, B flati na D ndizo za kufuata, na kitufe kitabaki kwa ajili ya siku mwanzilishi wa wimbo atakapoanzia F shapu bila kutarajiwa.